Usiliuze kwanza

Fundi, swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, wa nyumbani wote wazima, ni huu mgongo tu umeanza kunidai madeni ya ujana. Najua mwaka wa pili huu unakatika sijakuandikia, na zamu ilikuwa yangu. Ila usinitukane sasa hivi, ngoja ufike mwisho wa barua. Ukifika huko utakuwa na sababu nzito zaidi.

Kipara ameniambia unaliuza 853, lile gari letu la vitofali vya LEGO. Kalisema juu juu tu, kama mtu anayesema mvua imekatika: "Jamaa anapunguza vitu, lile gari ataliuza kama pungufu." Pungufu! Neno hilo limenikosesha usingizi siku tatu. Nakuomba, usiliuze kwanza. Kama umeshapiga picha, sawa, picha haziozi. Kama umeshapata mnunuzi, mwambie unaumwa, mwambie gari linaumwa, mwambie lolote. Sababu inakuja, ila ina aibu kidogo, nivumilie niifikie kwa mwendo wangu.

Juzi nilikuwa natazama ile picha yetu ya sakafuni, wewe umeshika usukani kwa vidole viwili kama daktari wa meno. Binti yangu akachungulia begani, akauliza: "Baba, mbona gari lenyewe halina bodi?" Nikamwambia hilo ndilo tamu lake. Wenzake wanajenga gari kwa nje, rangi na taa, ukifungua ndani kweupe. Hili ni mifupa mitupu: chasisi, injini, giaboksi, usukani, viti, basi. Akaniangalia kwa huruma. Watoto wa siku hizi wamezoea Technic, hizi LEGO za mitambo, zenye mota na simu ya kuziendeshea, utawaelezaje kwamba mwaka 1977 hata jina Technic lenyewe halijaanza kutumika? Yalikuwa yanaitwa Technical Sets tu, na sisi kwetu lile boksi lilikuwa shule, gereji na mahubiri ya Jumapili kwa pamoja.

Nilipoanza kumweleza sikunyamaza. Unalisukuma sakafuni, magurudumu ya nyuma yanazungusha ekseli, ekseli inazungusha gia, gia zinapeleka nguvu mbele kinyumenyume, na kule mbele pistoni nne za mraba zinapanda na kushuka. Kwenye gari la kweli injini ndiyo inayosukuma magurudumu, kwetu magurudumu ndiyo yalikuwa yanaisukuma injini, na hakuna aliyejali. Gia mbili za kubadilisha. Viti vinasogea mbele na nyuma, raha ambayo gari la baba yako wakati ule halikuwa nayo kwa sababu kiti chake kilikuwa kimekwama tangu enzi. Na difu hakuna, ile inayoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona. Unakumbuka ulivyokuwa ukilikata kona, magurudumu ya nyuma yanaburuzika na kulia kwenye sakafu? Ulisema ni kasoro ya ujenzi wangu. Haikuwa yangu, Fundi. Difu ilikuja na gari jingine la LEGO, 8860, mwaka 1980, pamoja na injini ya kulala kule nyuma. Miaka yote hii hujaniomba radhi kwa hilo, nami leo sitakudai, utaona kwa nini.

Na kile kijitabu! Hawa wa sasa kila hatua wanachorewa pembeni: chukua viwili hivi, kimoja kile. Sisi tulipewa picha mbili, hii na inayofuata, utafute mwenyewe kilichoongezeka, kama yale mafumbo ya magazetini. Ukipitisha ekseli tundu moja pembeni hujui mpaka hatua kumi baadaye, gia zikigoma, mnabomoa nusu ya gari. Takribani vipande 600, na tulilibomoa mara ngapi? Mimi nilihesabu mara tano, Dogo alisema saba.

Dogo. Subiri, nitamrudia Dogo.

Kabla sijasahau, kuhusu tangazo, kama siku moja utaliuza kwa amani na baraka zangu: andika namba zote mbili. Boksi lako limeandikwa 956 kwa sababu ni la Marekani, lile la Expert Builder, kama walivyoziita Technical Sets huko, wakati Ulaya gari hilohilo ni 853. Anayetafuta moja haioni nyingine. Unakumbuka tulivyogombana kwa namba hizo? Mimi nimeona 853 kwenye katalogi ya yule mwalimu, wewe una 956 mkononi, nikakwambia lako ni la bandia. Wiki mbili hatukusemeshana. Na ajabu ni kwamba ulipogundua ukweli ukahamia upande wangu, mpaka leo unaliita 853 huku boksi linakusuta. Hiyo ndiyo tabia yako nzuri kuliko zote, na ndiyo inayonipa moyo wa kuendelea.

Haya. Pistoni namba tatu ninayo mimi.

Nimeiandika, siifuti. Iko hapa mezani ninavyokuandikia, imesimama karibu na kikombe. Najua ni yenyewe kwa sababu ina zile kwaruzo tatu za msumari ubavuni. Nani mwingine duniani angekwaruza pistoni zake moja, mbili, tatu, nne ili azipange sawasawa na injini ya kweli? Ulikuwa umesikia kwa mafundi kwamba injini ya silinda nne huwaka kwa mpangilio wa moja, tatu, nne, mbili, ukawa unatuimbisha huku unalisukuma. Ilipopotea ya tatu ukaendelea kuimba hivyo hivyo: moja, kimya, nne, mbili. Ile "kimya" yako, ndugu yangu, nimeisikia miaka yote hii.

Sikuiba, au tuseme sikuanza kwa kuiba. Siku ile tulipobomoa ile mara ya tano (au ya saba) niliondoka jioni, nikafika nyumbani, nikavua suruali, ikadondoka kutoka kwenye mkunjo wa chini. Unazikumbuka suruali zetu, zilinunuliwa ndefu makusudi ili tukue ndani yake. Nikasema kesho asubuhi namrudishia. Kesho yake nafika kwenu nakuta Dogo ameshahukumiwa. Umempekua, umemtoa chumbani, umemwapia hatagusa kitofali chako tena, naye analia pale mlangoni anaapa kwa kila kitu anachokijua. Ulikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona tena kwako. Nikaweka mkono mfukoni nikaishika pistoni, nikasema moyoni acha apoe kwanza. Ukapoa. Lakini kufikia hapo ulikuwa umeshaviringisha karatasi ya daftari la hesabu ukaichomeka mahali pake, na kila mgeni unamwonyesha na kumsimulia mdogo wako alivyokupotezea namba tatu. Ningesema nini?

Ikaenda kwenye kopo la vifungo la mama. Mama alipofariki nikalichukua kopo. Nimehama nyumba mara nne, sahani zimevunjika, vyeti vimepotea kimoja, pistoni haijawahi kupotea. Kitu ulichokitafuta uvunguni kwa tochi wiki nzima kilikuwa hakipotei hata kwa dawa.

Utaniuliza mbona sikusema tulipokuwa wakubwa. Nilikaribia. Mwaka 2000 ilipoanza BrickLink, lile soko la mtandaoni la vipande vya LEGO, watu wakawa wanauziana kipande kimoja kimoja, nikashusha pumzi: sasa atanunua nyingine, yataisha. Ukanijibu, nakumbuka maneno yako, kwamba ya kununua haitakuwa namba tatu, itakuwa mgeni tu aliyekalia kiti cha marehemu. Nikacheka nawe. Nilicheka, Fundi, na kopo liko kabatini.

Kwa hiyo unaelewa sasa kwa nini "pungufu" imenichoma. Si pungufu. Lina kila kitu, ila kimoja kimekaa kwangu. Mnunuzi akilichukua leo akalijazia pistoni ya dukani, basi nami nitabaki na hii kaburini.

Nimeisafisha. Maji ya uvuguvugu na sabuni, si ya moto, hizi plastiki zikipita nyuzi 40 zinaweza kujipinda, nawe uache ile tabia ya kuziogesha kama viazi. Sikuipaka dawa yoyote, si haidrojeni peroksaidi wala jua, sipendi kuwafanya wazee waonekane vijana. Lakini nina wasiwasi mmoja wa kuchekesha: imekaa gizani ndani ya kopo muda wote huo, wakati wenzake watatu walikuwa dirishani kwako wanapigwa mwanga. Kama wamepauka, hii ndiyo itakayong'aa kuliko wote. Kila atakayeitazama injini atajua palepale ni yupi aliyekuwa mtoro.

Dogo sasa. Hili ndilo linaloniuma kuliko pistoni. Mwaka juzi kwenye harusi alinikalisha pembeni akaniambia, akicheka, kwamba hajawahi kujenga kitu chochote cha vitofali tangu siku ile, hata wanawe anawanunulia mipira tu. Akasema, "Kaka, mpaka leo sijui kama niliipoteza kweli, maana alinitazama vile mpaka nikaamini." Nikamwongezea soda. Ndicho nilichoweza, soda.

Sasa sijui nianze na nani. Nikikwambia wewe bila yeye naona nimelipa nusu ya deni. Nikimwambia yeye kwanza, utasikia kutoka kwake, na hasira zako nazijua. Nilifikiria kuituma hii pistoni ndani ya bahasha bila jina, uamke siku moja uikute, uamini miujiza. Nikaona huo ungekuwa wizi wa mara ya pili.

Ninachokuomba ni kidogo: nisubiri. Nitakuja nayo mwenyewe, siiamini posta wala mtu mwingine, na mikononi mwangu walau ina rekodi ya kutopotea. Tulibomoe mara ya mwisho mpaka kwenye injini, turudishe namba tatu, ulisukume, uimbe mpaka mwisho bila "kimya". Baada ya hapo ukitaka kuliuza, liuze, nitakusaidia hata kulifungasha. Ingawa, tukisema kweli, kama lazima litoke kwako, kwa nini lisije kwangu? Sijasema kitu. Nimewaza kwa sauti tu.

Nijibu haraka basi. Umeshamwahidi mtu au ni maneno ya Kipara tu? Na kwa nini unapunguza vitu, kuna jambo huniambii, au ni nafasi kweli? Ule mviringo wa karatasi bado uko kwenye silinda? Usiutupe, tafadhali, nautaka mimi. Matairi yamepasuka au bado laini? Kijitabu kipo, au ndicho kile mbuzi alichokitafuna ukasema ni panya? Pistoni ziko za rangi gani siku hizi, zimepauka sana? Dogo anapatikana lini, na unaonaje, aje siku hiyohiyo, tumpe yeye aichomeke? Utaniruhusu nizungumze kwanza, au utaanza kufoka mlangoni? Umekasirika? Umekasirika sana?

Barua hii usimsomee Kipara.

Wako,
mwenye mkunjo wa suruali