Shoga, usisubiri mwezi wa nne

Shoga yangu,

Hujambo? Sie huku wazima, salamu zingine baadae. Meseji yako nimeisoma nikairudia, una mimba! Nimefurahi mpaka machozi, ila nilipofika pale uliposema kliniki utaanza mwezi wa nne tumbo likishaonekana, usingizi ukakata.

Hapana shoga. Hata kwa mwingine huko ni kuchelewa, kwako wewe mwenye upungufu wa fakta 13 ndo kabisa. Zile mimba zilizotoka hazikutoka kwa sababu ya kubeba ndoo kama alivyosema mama Tunu (maneno yake yale bado yananiuma). Fakta 13, ile protini ya kwenye damu inayokaza bonge la damu, ikiwa chini sana kondo la nyuma halijishiki vizuri, damu inaanza kuvuja na mimba inatoka. Ndo maana wenye tatizo lako wanaanza kuchomwa fakta kwenye mshipa mapema, mimba ikijulikana tu, na inarudiwa kila baada ya wiki chache mpaka kujifungua. Siyo ya kungoja leba.

Na wakikupima kile kipimo cha kawaida cha damu kuganda wakakwambia uko sawa usikubali kurudi nyumbani, waambie wapime fakta 13 yenyewe. Kile cha kawaida kwa watu kama wewe kinatoka kizuri tu, maana damu inaganda kweli ila bonge lake legelege, linaachia baadae. Si unakumbuka ulipong'oa jino, mchana damu ikakata tukashukuru, usiku tunaamka mto wote umelowa?

Halafu daktari wa damu na wa uzazi wakae pamoja wakuandikie mpango, utembee nao kwenye pochi. Aspirini na diklofenaki hapana, sindano za msuli waziepuke, ganzi ya mgongo mpaka daktari wa damu aseme, mtoto asivutwe na vakyumu maana naye anaweza kuvujia damu kichwani, fakta iwepo hospitali kabla uchungu haujaanza. Na kitovu cha mtoto kikivuja wasikichukulie poa, kwa ugonjwa huu hiyo ni dalili kubwa.

Ukishajifungua usikimbilie kuruhusiwa, damu inaweza kutulia siku kadhaa ndo ije kwa nguvu, kwa hiyo uliza na vile vidonge vya traneksamiki, vya kuzuia damu isivuje, utavimeza mpaka lini. Ila hayo ya mbele, mi narudi palepale, mwezi wa nne mbali mno shoga, nenda wiki hii.

Yule daktari wako wa damu anajua una mimba? Mara ya mwisho umechomwa fakta lini? Umeona damu yoyote, hata tone? Na shemeji je, kashapimwa, maana nyie ukoo mmoja na ugonjwa huu mtoto anaupata akirithi kwa baba na mama wote wawili? Nani anakusindikiza, nije?