Kwa washairi vijana mnaoitwa majukwaani

Wanangu,

Kampeni zikianza, simu zenu hazipumziki. Leo chama kinataka beti sita za kumsifu mgombea, kesho kamati ya Maulidi au kwaya ya parokia inataka utenzi. Nendeni. Ushairi wetu haujawahi kukaa mbali na ibada wala utawala.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa mhubiri wa Ahmadiyya, jumuiya ya Kiislamu, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri. Na ndiye aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi. Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Ugogo, aliuchukua utenzi, ule wa vipande vinne vya mizani nane ambao wazee wa pwani waliufungua kwa Bismillahi, akaisimulia Injili humo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 akatunga ngonjera za kuieneza Ujamaa. Siasa waliiamini, dini waliishika, na vina hawakuviacha vilegee.

Ninachowahofia ni kulipwa kabla ya kuamini. Ukishaipokea bahasha, aliyekupa ndiye mhariri wako. Atataka ubeti wa nne uondoke kwa kuwa unaitaja zahanati isiyo na dawa. Kisha ataomba mstari mmoja tu wa kuwachoma waumini wa upande wa pili, maana mpinzani wake anasali huko. Hapo funga daftari. Kumkosoa mtu kwa aliyoyatenda ni haki yako. Kuikejeli sala yake ni dhambi. Na shairi lenyewe huharibika, kwa sababu kina cha matusi hupatikana bila jasho.

Msomeni Abdilatif Abdalla. Alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa waraka uliohoji nchi inaelekea wapi. Gerezani aliandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na hakuna aliyemwagiza wala kumlipa. Diwani ya mashairi hayo, Sauti ya Dhiki, ilitoka 1973. Mwaka uliofuata ikapewa tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga.

Kwa hiyo kabla ya kuitikia mwaliko, wasomee wenyeji shairi zima, na ubeti wa zahanati ukiwemo. Waambieni litasomwa hivyo au halisomwi. Wakikataa, rudisheni bahasha siku hiyohiyo, kabla majina yenu hayajaingia kwenye ratiba.

Mzee wenu