Msomi anapokaa karibu na wakubwa

Ndugu Mhariri,

Nimefundisha historia miaka mingi, na Bernard Lewis, mwanahistoria wa Mashariki ya Kati, hanitoki kichwani. Mzaliwa huyu wa London, 1916, alikijua Kiarabu, Kituruki na Kiajemi, akapekua nyaraka za dola ya Uthmaniya wakati Wazungu wachache mno walikuwa wamezigusa. Elimu yake siipingi hata chembe.

Linaloniuma ni alivyoitumia. Mwaka 1990 aliandika katika jarida la Marekani juu ya ghadhabu ya Waislamu, kana kwamba watu wa kuanzia Moroko hadi Indonesia wana moyo mmoja. Edward Said, msomi Mmarekani mwenye asili ya Palestina, alikwisha kumkosoa tangu 1978. Lakini Iraki ilipovamiwa mwaka 2003, aliyekuwa akisikilizwa na wakubwa wa Washington ni Lewis.

Mwaka 1995 mahakama ya Paris ilimtoza faranga moja kwa kauli zake za kukataa kwamba mauaji ya Waarmenia chini ya dola ya Uthmaniya yalikuwa mauaji ya kimbari. Faranga moja! Nilipolisimulia hilo darasani, binti mmoja aliuliza: “Mwalimu, sasa msomi anasahihishwa na nani?” Nilibaki na chaki mkononi.

Naomba gazeti lako, kila linapompa mtaalamu mmoja nafasi ya kuusemea Uislamu, limpe na mpinzani wake ukurasa uleule, siku ileile.

Mwalimu mstaafu