Shosti, hilo kabati lako tuliongelee

Shosti wangu,

Za Dodoma? Huku joto halisemeki, unatoka kuoga jasho linaanza kabla hujajifuta. Voisi yako nimeisikiliza yote na picha ya kabati nimeiona: nyeusi, kijivu, nyeusi, kahawia, nyeusi tena. Unasema ofisini kwenu ndo mnavaa hivo ili muonekane siriasi, af hapohapo unalalamika asubuhi ukijiangalia kwenye kioo hujisikii chochote. Sasa utajisikia nini mwaya?

Nyeusi yenyewe sina ugomvi nayo, usinielewe vibaya. Inaficha doa, inaingia kila mahali, na wenzetu walishaitoa kwenye msiba kitambo, mwaka 1926 jarida la Vogue la Marekani lilichora gauni jeusi la mbunifu wa mavazi Coco Chanel wakaliita Ford, yani la kila mtu kama zile gari. Hata hapa mjini dada akitoka na abaya yake nyeusi, wanja umekaa, hina mkononi, udi unamtangulia, nani atasema amepooza? Ila yule kaichagua. Wewe nyeusi yako ni ya kujificha, nakujua toka tuko shule.

Na usije ukaniletea zile za mtandaoni kwamba nyekundu ni mapenzi, bluu ni utulivu, njano ni furaha, full stop. Rangi inategemea uko wapi na nani anakuangalia. Hapa Dar siku ya derby panda daladala na blauzi nyekundu uone, konda ataanza kukuuliza Simba mnashinda ngapi na hujawahi kuangalia mpira maisha yako yote, ukivaa kijani na njano ndo balaa, watu hawajui wakutanie ya Yanga au wakuulize kikao cha CCM kiko wapi. Bibi harusi wa Pwani kanga yake ni kisutu, nyekundu na nyeusi na nyeupe, tena bibi zetu walijua kupendeza, haya magauni meupe tunayokodi kwa bei ya kuuma yametokana na malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na jeupe 1840 na wenye pesa wakamuiga, basi dunia nzima ikafuata.

Wasomi nao wamejaribu kupima haya mambo. 2008 kule Marekani, Chuo Kikuu cha Rochester, Andrew Elliot na Daniela Niesta waliwaonyesha wanaume picha ya mwanamke yuleyule, pembeni rangi inabadilishwa, kwenye nyekundu wanaume wakamuona mzuri zaidi, wanawake walipoulizwa wao wakaona kawaida tu (wanaume bana). Ila iliyonigusa mimi ni ya 2012, ya Hajo Adam na Adam Galinsky, watu wamevalishwa koti jeupe, walioambiwa ni la daktari wakawa makini kuliko walioambiwa ni la mchoraji, na koti ni lilelile! Zote mbili kuna wengine wamezirudia wakapata majibu tofauti kwa hiyo sikwambii uape nazo, lakini hiyo ya koti mi naiona kila siku. Nguo inafanya kazi kutokana na ulichojiambia kuhusu hiyo nguo. We kila asubuhi unajiambia "leo nisionekane", na kweli huonekani.

Halafu kuna hili linaloniudhi kweli. Ile habari kwamba sisi weusi tii tusivae rangi za kuwaka, eti zinatutoa vibaya, sijui nani alianzisha, tumeambiwa na shangazi, tumeambiwa na wauza duka, mpaka fundi anashika kitambaa chako anaguna. Uongo mtupu. Njano ya bizari kwenye ngozi yako inawaka mpaka watu wanageuka, orenji hivohivo, na ile damu ya mzee ukiivaa uso unapata joto fulani hivi. Rangi ambayo mi ningekwambia ujiangalie nayo ni hiyo kahawia uliyoijaza kabatini, inakaribiana na ngozi yako mpaka unapotea humo ndani.

Sikwambii uingie kazini umevaa upinde wa mvua. Weka rangi moja tu, na iwe karibu na uso, kwa sababu mtu akiongea na wewe anaangalia hapo, sketi haioni mkiwa mmekaa mezani. Unakumbuka mama Samia anaapishwa pale Ikulu, tarehe 19 Machi 2021, nchi nzima ina msiba? Suti nyeusi, mtandio mwekundu. Heshima ya msiba ipo na mtu mwenyewe anaonekana. We suti zako endelea nazo, ndani tia blauzi ya rangi au funga mtandio, wala bosi hatokuwa na la kusema.

Jumamosi naenda Kariakoo, ntapita Mtaa wa Kongo kwenye vitenge halafu nikipata nguvu niende Karume kuchambua blauzi za mtumba. Kitenge ntakitoa nje kwenye jua kwanza maana zile taa za dukani zinadanganya, unanunua zambarau ukifika nyumbani ni bluu. Nachukua ya bizari, na damu ya mzee kama bei itaongeleka. Fundi wangu saiv kazidiwa na sare za harusi, kwa hiyo vipimo nitumie kabla ya Ijumaa, na upimwe upya, usinitumie vile vya kabla hujazaa.

Nisalimie watoto.

Shoga yako wa Ilala