Tupunguze uzito wa magari ya michezo, lakini tujue tunachokiondoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja iliyoibuliwa na makala ya ukurasa wenu wa magari kuhusu kupunguza uzito wa gari la michezo ili liende vizuri zaidi kwenye uwanja wa mbio. Wazo lenyewe ninaliunga mkono kwa moyo wote, kwani naamini hakuna marekebisho mengine yanayomnufaisha dereva wa uwanjani kwa upana kama hayo. Kilichonisikitisha ni kwamba makala iliweka katika orodha moja, kana kwamba vyote ni mizigo ya aina moja, mazulia ya sakafuni, siti ya nyuma, mifuko ya hewa na vile vyuma vya ndani ya milango vinavyomkinga dereva anapogongwa ubavuni. Kijana anayeisoma orodha hiyo akiwa na spana mkononi ataanza na kile kilicho rahisi kufungua.

Faida ya wepesi ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tuchukue gari la kilo 1,400 lenye injini ya nguvu za farasi 200, ambapo kila farasi anakokota kilo 7. Likipunguzwa kilo 200, kila farasi anabakiwa na kilo 6, na ili gari zito lifikie uwiano huo ingebidi injini yake iongezwe nguvu hadi farasi 233 hivi. Lakini nguvu hiyo ya ziada ingesaidia pale tu dereva anapokanyaga mafuta, kisha ingelifikisha gari kwenye kona likiwa na mwendo mkubwa zaidi huku breki zikiwa zilezile. Wepesi, kwa upande wake, husaidia hata breki zinapofungwa, kwa sababu joto ambalo disiki hulazimika kulipokea hulingana na uzito wa gari: ukiondoa sehemu moja ya saba ya uzito, joto nalo hupungua kwa sehemu moja ya saba kila unapofunga breki kutoka mwendo uleule, mzunguko baada ya mzunguko. Dereva aliyewahi kukanyaga pedali ikazama hadi sakafuni kwa sababu mafuta ya breki yamechemka hahitaji kushawishiwa zaidi.

Wapo wanaodai kwamba kwenye kona uzito hauna athari, kwa kuwa gari zito huzikandamiza tairi zake zaidi na hivyo hupata mshiko mkubwa zaidi. Dai hilo lingekuwa sahihi kama mshiko ungeongezeka sawasawa na mzigo, lakini mpira wa tairi haufanyi hivyo. Kadiri mzigo unavyoongezeka, mshiko nao huongezeka, ila kwa kiasi kidogo kuliko mzigo wenyewe, na ndiyo maana gari jepesi lenye tairi zilezile hupita kwenye kona ileile kwa kasi zaidi na kuzichosha tairi zake polepole zaidi. Kwenye kona gari zito huelemea pia tairi za upande wa nje, zile za ndani zikabaki karibu bila kazi, na hasara hiyo huwa kubwa zaidi ikiwa uzito umekaa juu. Kwa sababu hiyo BMW walilipa gari lao la M3 CSL la mwaka 2003 paa la nyuzi za kaboni. Kilo zilizookolewa hapo hazikuwa nyingi, lakini zilitoka mahali palipo juu kabisa ya gari.

Mwandishi wenu alitaja magari mashuhuri kama ushahidi, na ningependa tuyatazame kwa makini zaidi. Lotus, kampuni iliyoasisiwa na Colin Chapman, ilitoa gari la Elise mwaka 1996 likiwa na fremu ya alumini iliyounganishwa kwa gundi na yenye uzito wa kilo 70 hivi tu. Porsche 911 Carrera RS ya mwaka 1973 ilipewa mabati na vioo vyembamba kuliko vya 911 za kawaida, na Ferrari F40 ya mwaka 1987 haikuwa na mazulia, na mlango wake ulifunguliwa kutoka ndani kwa kuvuta kamba. Katika magari hayo yote wepesi uliamuliwa mezani na wahandisi waliojua kila kipande kinabeba nini. Mtu anayelifungua gari lake mwenyewe baada ya kutoka kiwandani hana michoro hiyo, kwa hiyo hana budi kwenda kwa tahadhari kuliko wao.

Aanze, basi, na vitu visivyomkinga mtu yeyote. Tairi la akiba, jeki, siti ya nyuma, spika na mazulia hutoka kwa muda mfupi. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ina kilo 15 au zaidi, ilhali ya lithiamu inayowasha injini ileile inaweza kuwa na kilo 5 au pungufu. Chini ya mazulia kuna mabamba ya lami ya kuzuia kelele, na kuyaondoa ni kazi inayopendeza kuitazama: barafu kavu, yaani hewa ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, hutandazwa juu yake kwa dakika chache, lami hukakamaa na kuwa nyepesi kuvunjika, kisha nyundo ya mpira ikiigonga taratibu hubanduka vipande vipande na kuacha rangi ya bati chini yake ikiwa safi. Glavu nene zinahitajika, na milango iachwe wazi, kwani hewa inayotoka kwenye barafu hiyo huweza kumkosesha mtu pumzi.

Fedha ikiruhusu, rimu nyepesi zifuate. Kilo moja iliyo kwenye ukingo wa gurudumu huisumbua injini karibu sawa na kilo mbili zilizotulia ndani ya bodi, kwa kuwa ni lazima isukumwe mbele na izungushwe pia, na gurudumu jepesi hufuata mabonde ya lami bila kurukaruka. Rimu za bei ya chini zilizopunguzwa chuma bila kupimwa nguvu, hata hivyo, hupasuka zinapopanda kingo za uwanja, na hizo nisingemshauri mtu azifunge hata akipewa bure. Mafuta nayo ni uzito: lita 40 za petroli zina kilo 30 hivi. Lakini anayeingia uwanjani na tangi linalokaribia kukauka ataona injini ikikosa mafuta katikati ya kona ndefu, wakati mbaya kuliko yote.

Mbio zenyewe zimetoa mafunzo machungu juu ya mipaka ya jambo hili. Mwaka 1968 Honda walipeleka kwenye mashindano ya Formula 1 ya Ufaransa, mjini Rouen, gari la RA302 lililotengenezwa kwa magnesiamu ili liwe jepesi. Dereva wao John Surtees alikataa kuliendesha. Jo Schlesser aliliendesha, likaacha njia, likawaka moto, naye akafa humo. Miaka miwili baadaye dereva Jochen Rindt alikufa kwenye uwanja wa Monza, Italia, akiwa katika Lotus, na uchunguzi ukaonyesha kwamba shafti ya breki ya mbele ilivunjika. Hata miili ya madereva imebidi ilindwe dhidi ya tamaa ya wepesi: mwaka 2019 kanuni za Formula 1 zilianza kumtengea dereva na siti yake uzito wa chini wa kilo 80, ili walio warefu wasilazimike kujinyima chakula.

Kwa hiyo vyuma vya milangoni vibaki mahali pake, na mifuko ya hewa na mikanda isiguswe mpaka siku ile gari linapofungwa kwa ukamilifu fremu ya mabomba ya chuma, siti ya mbio na mikanda ya mbio inayomfunga dereva mabegani na kiunoni, vyote kwa pamoja. Fremu hiyo itarudisha kilo 30 hadi 50, na ni kilo zilizotumika vizuri. Gari hilo likishafungwa fremu lisiendeshwe tena barabarani na mtu asiyevaa helmeti, maana kichwa kitupu kikigonga bomba la chuma, hata katika ajali ndogo, madhara yake ni makubwa.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa ni kazi inayobaki baada ya vitu kutolewa. Gari lililopunguzwa huinuka kwenye springi zake, pembe za magurudumu hubadilika, na shokomzoba zilizopangwa kwa uzito wa zamani huwa ngumu kupita kiasi. Likiwa na injini mbele na vitu vilivyotolewa vikawa vya nyuma, pua yake huzidi kuelemewa na matako hucheza linapofungwa breki kwa nguvu. Kila gurudumu linapaswa kupimwa kwa mizani yake, dereva akiwa amekaa kwenye siti, kisha springi na breki zirekebishwe upya.

Ninaomba, Ndugu Mhariri, kila ukurasa wa magari unapotaja nguvu za farasi za gari, uzito wake uchapishwe kando yake, pamoja na maelezo ya namna ulivyopimwa. Baadhi ya watengenezaji hutangaza uzito mkavu, bila petroli wala maji ya rejeta, ilhali kipimo cha Umoja wa Ulaya cha gari lililo tayari kwa safari huhesabu humo hata dereva wa kilo 75. Msomaji anayelinganisha takwimu hizo mbili bila kuambiwa tofauti yake anaweza kung'oa vitu kwenye gari lake akiifuata namba ambayo hata gari la kiwandani halikuwahi kuifikia likiwa na mtu ndani.

Wako msomaji,
Mpenzi wa mbio za magari