Saratani haikungoja barabara zifunguliwe

Mhariri,

Tangu mpox (homa ya nyani) ilipogunduliwa Taita Taveta mwaka 2024, nimesikia mengi kuhusu maandalizi ya nchi yetu kwa janga jingine: barakoa, karantini, vitanda vya wagonjwa mahututi. Sijamsikia hata mmoja akiuliza mgonjwa wa saratani atapita wapi barabara zikifungwa tena.

Mama yangu mdogo, ambaye hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mingi, alianza kutokwa na damu Januari 2020. Kama wanawake wengi wa rika lake aliificha, nasi tulitambua kwa sababu leso zake zilianza kuanikwa nyuma ya nyumba badala ya uani. Mwezi Machi alikatwa kinyama kikapimwa, na majibu yalipotoka mwanzoni mwa Aprili, ilikuwa ni saratani ya mlango wa kizazi ambayo bado ingeweza kutibika. Alitakiwa aende Nairobi, apewe mionzi mara 25, siku tano kwa wiki, pamoja na dawa ya mshipani.

Tarehe 6 Aprili Nairobi ilifungwa kwa ajili ya korona, na siku mbili baadaye zikafungwa Mombasa, Kilifi na Kwale yetu. Mabasi yalisimama, treni ya abiria ikasimama, na kafyu ikawa inaanza saa moja jioni. Malori ya mizigo yalipita. Barua yetu ya rufaa, ambayo haikuwa na neno “dharura” popote, ilisomwa kizuizini kisha ikarudishwa mikononi mwetu. Afisa aliyeisoma hakuwa mtu mbaya. Alimwona mama aliyesimama kwa miguu yake, hakohoi wala hahemi, akaona huyu anaweza kungoja. Nadhani hata mimi, kama nisingejua kilichokuwa ndani ya mwili wake, ningeona hivyo hivyo, na hapo ndipo penye hatari ya ugonjwa huu: unaua bila kuonekana una haraka.

Barabara za kuingia Nairobi zilifunguliwa Julai 7, miezi mitatu na siku moja tangu zifungwe. Alipofika Nairobi, picha zilionyesha uvimbe umebana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na kwa kuwa dawa aliyokuwa apewe pamoja na mionzi ni kali kwa figo, haikuwezekana tena kupewa. Alipata mionzi peke yake, akafariki Machi 2021. Siwezi kuapa kwamba angepona kama angefika Aprili. Najua tu kwamba uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la BMJ ulionyesha kuwa kila wiki nne za kuchelewa kutibiwa huongeza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 6 hadi 13, na yeye alichelewa wiki kumi na tatu.

Hayakuwa ya Kenya peke yake. Shirika la Afya Duniani lilipozihoji nchi 155 mwezi Mei 2020, asilimia 42 zilikiri kwamba matibabu ya saratani yalikuwa yamevurugika kwa kiasi fulani au kabisa.

Sisemi kwamba barabara hazikustahili kufungwa. Mgonjwa anayetumia dawa za saratani hupungukiwa na kinga ya mwili, na korona ingemmaliza upesi kuliko mtu mzima wa afya. Ninachodai ni kwamba amri ya kufunga iandikwe pamoja na njia ya kumpitisha: kadi ya kliniki ya saratani itambuliwe kuwa kibali tosha, kwake na kwa anayemsindikiza, na sampuli za maabara zisafiri kama yalivyosafiri malori ya unga. Hayo yakiachwa yaamuliwe usiku wa tangazo, yatamwangukia tena askari wa kizuizini.

Kuna deni jingine, nami nalijua kwa sababu ni mwalimu wa shule ya msingi. Chanjo ya kirusi cha HPV, inayokinga saratani hiyo hiyo ya mlango wa kizazi, ilizinduliwa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, na dozi ya pili ilikuwa ifuate baada ya miezi sita. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020 na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Baadaye wataalamu walikubali kwamba dozi moja inaweza kutosha, jambo linalonifariji, lakini kwetu wasichana waliotimiza miaka 10 wakati shule zimefungwa hawakuipata hata hiyo moja. Tuliporudi, kila mmoja alishughulika na silabasi iliyopotea, nami nikiwa miongoni mwao.

Wasichana hao sasa wako sekondari. Majina yao ninayo katika daftari, safu zote mbili za chanjo zikiwa tupu, na niko tayari kukaa na muuguzi yeyote wa kaunti tuyapitie moja baada ya jingine, kwani wazazi wao wengi nawajua na nyumba zao nazijua.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kaunti ya Kwale