Vijana wetu wanacheza mechi ngapi kwa mwaka?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi zile lilipokuwa likifika huku Sumbawanga na basi, limechelewa siku nzima, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Yaliyoniudhi niliyameza. Lakini ile habari yenu ya Ligi ya Vijana wa chini ya miaka 20, mliyoibana chini kabisa ya ukurasa wa nyuma, kwamba ligi imemalizika salama na vipaji vimeonekana, hiyo imenikwama kooni. Vimeonekana na nani? Mwandishi wenu kamtaja bingwa, kamtaja mgeni rasmi mara mbili, kataja hadi rangi ya jezi. Hakusema popote kila mtoto alicheza mechi ngapi.

Hebu tuhesabu pamoja. Ligi Kuu yetu ina timu 16 na kila moja hucheza mechi 30, nyumbani na ugenini, karibu mwaka mzima. Kanuni za leseni za klabu, ambazo mzizi wake uko FIFA na CAF, yaani mashirikisho ya soka ya dunia na Afrika, zinaitaka kila klabu iwe na timu ya vijana. Hapo hatugombani. Sasa hao vijana, mtindo tuliouzoea ni huu: wanagawanywa makundi, kundi zima linapelekwa kituo kimoja, wanacheza mfululizo, leo mechi, kesho mapumziko, keshokutwa mechi, waliofuzu wanakutanishwa mahali pengine, kombe linatolewa, picha zinapigwa, kila mtu kwao. Timu isiyovuka kundi imemaliza mwaka wake wa mpira pale pale. Kaka zao bado wana miezi ya kucheza.

Mwaka juzi mjukuu wangu, mtoto wa mpwa wangu, winga wa kushoto, alionekana kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Akaja kocha wa vijana wa klabu moja ya Ligi Kuu, klabu siitaji, akamtaka. Tukafurahi ukoo mzima. Tukaambiwa tuandae cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na nauli, ambayo tungerudishiwa akifika. Mama yake akauza mahindi aliyokuwa ameyaweka kusubiri bei ipande, akamnunulia njumu mpya, akampandisha basi. Mtoto yuko kidato cha nne, Novemba ana mtihani wa taifa, lakini tukaambiwa ligi itaisha mapema. Akafika kambini. Ligi ikasogezwa mbele. Ikasogezwa tena, taarifa zenyewe zikija kwa ujumbe wa simu usiku. Mtihani wa moko, ule wa majaribio, ukampita akiwa kwenye godoro la sakafuni anasubiri ratiba. Ilipoanza hatimaye, uwanja ulikuwa mmoja kwa timu zote za kundi, kwa hiyo kuna siku walipangiwa saa mbili asubuhi kabla hata ya chai, na siku nyingine saa nane mchana, jua la utosi, kwenye nyasi zilizokwisha kuchimbwa na waliotangulia. Akacheza mechi mbili, akafunga bao moja. Mechi zilipokuwa ngumu wakashuka vijana kutoka kikosi cha wakubwa, na wengine ambao cheti kinasema miaka 19 na kidevu kinasema kimeanza kunyolewa zamani, yeye akakaa benchi. Timu ikatolewa. Wakaambiwa nendeni, tutawapigia. Nikampigia mimi katibu wao. Akanijibu kwa upole kabisa, kama anayemwelekeza mgonjwa: "Mzee wangu, hiyo timu ni ya kutimiza kanuni tu, usiitilie maanani sana." Ndiyo, Mhariri. Mahindi ya watu, moko ya mtoto, njumu mpya, ni ya kutimiza kanuni tu. Nauli hadi leo haijarudi.

Hao vijeba, waliozidi umri, nisiwapite hivi hivi. Nilifundisha sekondari miaka mingi na nimeongoza timu za shule, mamluki nawajua kwa kutembea tu. Kocha ambaye ana wiki chache za kuonyesha kombe kwa uongozi hataki mtoto wa kumkuza, anataka mtu aliyekwisha kukomaa. Mpe msimu mzima wa mechi za kila wiki, bila presha ya mtoano, uone kama hatapata nafasi ya kumvumilia mtoto anayekosea. Na madhara ya umri tumeyaona kwa macho yetu. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walifuzu fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 wakaondolewa kwa sababu ya umri. Mwaka 2017 mambo yakageuka: Kongo Brazzaville walitutoa uwanjani, mchezaji wao mmoja akaitwa kupimwa umri kwa kipimo cha MRI, hakutokea, wakaenguliwa, sisi tukaenda fainali hizo hizo Gabon. Na hao watoto, walipofika, walitoka sare na Mali waliokuja kuwa mabingwa. Kwa hiyo vipaji tunavyo. Mwaka 2019 fainali hizo tukaziandaa sisi wenyewe, Dar es Salaam. Nigeria tuliwafunga mabao 4, wao wakatufunga 5. Uganda wakatupiga 3 bila. Angola 4 kwa 2. Mechi tatu, mabao 12 ndani ya wavu wetu. Watu wakamlaumu kocha. Mimi nasema mtoto aliyelelewa kwa kambi na bonanza hajui kulinda bao la kuongoza, maana hilo hufunzwa na mechi, nyingi, za ushindani, wiki hadi wiki, hata zile za kuchosha ambazo hakuna mgeni rasmi.

Ukilalamika hivi utajibiwa Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu. Samatta hakupita kwenye ligi ya vijana, Samatta alitoka Mbagala, mbona alifika TP Mazembe ya Kongo, akafika Genk ya Ubelgiji, akafika Aston Villa ya Uingereza. Sawa. Na waliobaki Mbagala mnawajua ni wangapi? Tena kuna pesa hapo. FIFA ina utaratibu wa fidia ya mafunzo, na mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Klabu iliyomsajili mtoto kwa karatasi halali, ikamtunza, inaweza kula kwa haki miaka kumi baadaye. Klabu inayomwita kwa wiki chache halafu inamwambia tutakupigia, itamdai nani?

Lakini kwa nini nawalaumu klabu peke yao wakati na ninyi mmo? Gazeti lako hilo hilo, siku ile ile, ukurasa wa mbele wote alipewa msemaji wa klabu kubwa aliyekuwa anamjibu msemaji wa klabu nyingine kubwa. Ndani, ukurasa mzima, majibu ya majibu. Redio nazo ni hivyo hivyo: kuanzia alfajiri mtu na kikombe chake cha kahawa anabishania nani alimkejeli nani mtandaoni, na mechi ya watu wazima bado siku tano. Nimeshawahi kumsikia mtangazaji akitaja kikosi cha akiba cha timu ya Ulaya, beki kwa beki, kisha akashindwa kumtaja hata mtoto mmoja wa Ngorongoro Heroes, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 20. Wasemaji wetu wanalipwa mshahara na kupewa gari. Kocha wa vijana anasubiri posho. Nani kati yao anazalisha mchezaji?

Mwaka 2027 AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, pamoja na Kenya na Uganda. Viwanja vinajengwa, barabara zinachimbwa, hongereni. Mtoto wa kidato cha nne nani anamjenga?

Dawa yangu ni rahisi na haihitaji mdhamini. Turudishe mechi za utangulizi. Kila Ligi Kuu inapochezwa, vijana wa klabu hizo hizo mbili wacheze kwanza, uwanja ule ule, tiketi ile ile, basi lile lile la safari. Hapo kila mtoto ana mechi 30 bila kituo wala kambi ya ajabu, na ratiba itajulikana mapema kiasi kwamba hata mwalimu wa darasa ataibandika ukutani. Wakati wa mitihani ya taifa wenye mitihani waruhusiwe, klabu icheze na waliobaki. Na sharti moja la nyongeza: rais wa klabu, katibu na msemaji wakae jukwaa la mzunguko, lile la watu wa kawaida, juani, bila mwavuli, kuanzia dakika ya kwanza ya mechi ya vijana hadi filimbi ya mwisho. Ikiisha, kamisaa wa mchezo amfuate msemaji na kipaza sauti, amuulize jina la beki wa kushoto wa timu yake ya vijana. Akishindwa, klabu ikatwe pointi tatu za Ligi Kuu, papo hapo, bila rufaa. Mechi inayofuata atakuwa analijua jina la mtoto, la baba yake, na la kijiji chao.

Mwalimu mstaafu,
Sumbawanga, Rukwa